Kifaransa cha sikio na Kifaransa cha jicho

Chukua kitenzi *parler*, yaani kusema, ukiweke kwenye nafsi zote sita za wakati uliopo. Kwenye karatasi utaandika *je parle, tu parles, il parle, nous parlons, vous parlez, ils parlent*. Hayo ni maumbo matano tofauti ya kitenzi. Sasa mwombe anayekijua Kifaransa akutamkie. *Parle, parles, parle* na *parlent* zote zinatoka «parl», sauti ikiishia kwenye l, kwa kuwa -e, -es na -ent za mwisho hazitamkwi. Yanayobaki ni *parlons* na *parlez*. Na hata hiyo *parlons* watu huikwepa katika mazungumzo ya kawaida: badala ya *nous parlons* husema *on parle*, na tumerudi kwenye «parl».

Hapo ndipo wengi wanaoanza huchanganyikiwa, kisha wakajiona hawana kipaji cha lugha. Wanacho. Walichokosa ni kuambiwa mapema kwamba Kifaransa kina sarufi mbili zinazoishi pamoja, moja ya kuonekana na nyingine ya kusikika, na kwamba ile ya kusikika ni nyepesi zaidi. Anayeanza na ya jicho peke yake hujaza daftari viishio ambavyo hakuna atakayevisikia, halafu sentensi ya kwanza ya kweli ikimpita masikioni hatambui kitu. Ushauri wangu ni kuanza na sikio, maandishi yafuate nyuma.

Tena msemaji wa Kiswahili ana mtaji ambao mara nyingi haujui. Wengi wetu hukifikia Kifaransa tukipitia Kiingereza, kwa vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza, na tunarithi hofu za Waingereza: jinsia ya meza, viwakilishi vinavyoruka mbele ya kitenzi, ukanushaji wa vipande viwili. Mtu anayetumia ngeli tangu utotoni hana sababu ya kuogopa lolote kati ya hayo.

## Maandishi yalivyobaki nyuma

Kifaransa kimetokana na Kilatini, na kwa karne nyingi konsonanti za mwisho wa maneno zilififia moja baada ya nyingine midomoni mwa watu. Maandishi hayakufuata. Zaidi ya hapo, wasomi wa mwisho wa Enzi za Kati na wa karne ya 16 walipenda maneno yaonyeshe asili yake, wakarudisha herufi ambazo hakuna aliyezitamka. *Tens*, wakati, likawa *temps* kwa sababu ya *tempus* ya Kilatini. *Doit*, kidole, likapewa g ya *digitus*. Académie française, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1635 kusimamia lugha, ilipotoa kamusi yake ya kwanza mwaka 1694 iliegemea tahajia hiyo ya wasomi. Toleo la 1740 lilipunguza mzigo kidogo: s nyingi zilizokuwa zimenyamaza ziliondolewa, na mahali pake irabu ikavishwa kofia, ndiyo maana tunaandika *forêt, fête, hôpital*. Marekebisho ya 1990 yaliruhusu baadhi ya kofia ziachwe, hasa juu ya i na u, lakini tahajia ya awali bado inakubalika na utakutana na zote mbili.

Matokeo yake ni kwamba kusoma Kifaransa kwa sauti ni rahisi mno kuliko kukiandika. Ukishajua kanuni, neno ambalo hujawahi kuliona utalitamka sawasawa karibu kila mara. Kinyume chake ndicho kigumu: ukisikia «ver» huwezi kujua kama ni *ver* (mnyoo), *vert* (kijani), *verre* (glasi) au *vers* (kuelekea) mpaka sentensi ikusaidie. Kwa hiyo usijipime kwa imla katika wiki za mwanzo.

Kanuni zenyewe si nyingi. *Ou* ni u yetu, *oi* ni «wa», *au* na *eau* ni «o», *ai* mara nyingi ni «e», *ch* ni «sh», *qu* ni «k». C mbele ya e, i au y husomeka s, na pale inapotakiwa kuwa s mbele ya a, o au u huwekewa mkia chini: *garçon*. H haitamkwi kamwe. Konsonanti ya mwisho kwa kawaida hunyamaza, isipokuwa c, r, f na l ambazo mara nyingi husikika, kama katika *avec, mer, neuf, sel*. Lakini r ya vitenzi vya -er, kama *parler*, hunyamaza, na -ent hunyamaza ikiwa ni kiishio cha kitenzi cha wingi tu. Wafaransa wana sentensi ya kuchezea jambo hili: *les poules du couvent couvent*, kuku wa nyumba ya watawa wanaatamia. *Couvent* ya kwanza ni nomino na -ent yake husikika puani; ya pili ni kitenzi, inatoka «kuv» tu.

## Sauti ambazo mdomo wetu haujazizoea

Kiswahili kina irabu tano. Kifaransa kina zaidi ya kumi, na hapa hakuna njia ya mkato isipokuwa kuuzoeza mdomo.

Ya kwanza kushughulikia ni u ya Kifaransa. Tamka i ndefu. Bila kuusogeza ulimi hata kidogo, kunja midomo kana kwamba unataka kutamka u. Sauti inayotoka ndiyo iliyomo ndani ya *tu* na *rue*. Usiiache iwe u ya kawaida, kwa sababu u ya kawaida ipo na huandikwa *ou*, na zikichanganyika maana huharibika: *dessus* ni juu yake, *dessous* ni chini yake. Mtu akikuuliza kitabu kiko wapi, irabu hiyo moja inamtuma upande ulio kinyume. Ukishaipata u, utaratibu huohuo utakupa sauti ya *deux* na *feu*: tamka e, uache ulimi ulipo, ukunje midomo.

Halafu kuna irabu za puani. Katika *bon*, herufi n haitamkwi. Kazi yake ni kukuambia kwamba pumzi ya o ipite puani pia. Si «boni» wala «bong». Ncha ya ulimi haigusi popote. Jaribu kutofautisha *beau*, *bon* na *bonne*: ya kwanza ni o tupu, ya pili ni o ya puani, ya tatu ina n halisi inayogusa kaakaa. Zipo irabu nne za namna hii, na zote zimo katika maneno *un bon vin blanc*, ingawa wasemaji wengi, hasa wa Paris, hutamka ile ya *un* sawa na ile ya *vin*. Kwa hiyo ukishika tatu umeshika za kutosha. Kanuni ya kusoma ni hii: n au m ikifuatwa na irabu, au ikiandikwa mara mbili, pua kwa kawaida hufungwa na herufi hutamkwa, ikifuatwa na konsonanti nyingine au ikiwa mwisho wa neno, irabu iliyotangulia huenda puani.

R ndiyo inayowatisha watu, na kwa kweli sisi tuna bahati. Anayetamka *lugha*, *ghali* na *ghafla* kwa gh kamili, bila kuifanya g, tayari yuko jirani kabisa na r ya Kifaransa. Rudisha gh nyuma kidogo kooni na umefika. Baada ya t, p au k hukauka na kusikika kama kh ya *kheri*, kama katika *très*. Ukikwama, r ya ncha ya ulimi nayo inaeleweka, na wako wasemaji wengi wazuri wa Kifaransa wanaoitumia maisha yao yote. Nguvu uliyoitenga kwa r ipeleke kwenye u.

J ya *je* na g ya *manger* ni sauti moja: ni sh yenye mtetemo wa koo. Tamka «shshsh», kisha washa sauti bila kubadilisha mdomo.

Kuna mazoea mawili ya Kiswahili ambayo yanabidi kuzuiwa kwa makusudi. La kwanza ni kufunga kila neno kwa irabu, mpaka *avec* likawa «aveki» na *table* likawa «tabuli». La pili ni mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na tabia hiyo hutufuata kila mahali. Kifaransa hukaza silabi ya mwisho, tena si ya kila neno bali ya fungu zima la maneno. *Il arrive demain* ina uzito wake wote kwenye *-main*. Yaliyotangulia yanapita kwa mwendo sawa, bila mabonde wala vilima. Mtu anayekaza vizuri huku irabu zake zikiwa na kasoro hueleweka kuliko mwenye irabu safi na mkazo wa kigeni. Sijui kwa nini vitabu vingi hulipa jambo hili mistari miwili tu.

Kwa kuwa fungu zima husemwa kwa pumzi moja, mipaka ya maneno hupotea. *Elle arrive* hukatwa «e-la-riv». Konsonanti iliyokuwa imenyamaza mwishoni mwa neno mara nyingi huamka likifuatwa na irabu: *les* peke yake ni «le», lakini *les amis* ni «lezami». S na x huamka kama z, na d huamka kama t, hivyo *grand homme* husikika na t katikati. Uamsho huu hubeba maana. *Ils sont* (wao ni) na *ils ont* (wao wana) hutofautiana kwa s na z tu: «ilso», «ilzo», o zote za puani. Baada ya *et*, yaani na, t haiamki hata siku moja. Na kuna maneno machache ya h, kama *héros*, yanayokataa muungano: *les héros* hutamkwa «le ero». Ukiamsha s hapo utakuwa umewaita mashujaa sifuri, *les zéros*.

## Wingi uko mbele, kama kwetu

*Livre* ni kitabu, *livres* ni vitabu, na maneno hayo mawili husikika sawa kabisa. S ya wingi ni ya jicho. Msikilizaji anajuaje basi? Anasikiliza mbele: *le livre*, *les livres*, *un livre*, *des livres*. Tofauti ya «le» hafifu na «le» ya wazi ndiyo inayobeba umoja na wingi, kama ki- na vi- zinavyofanya katika kitabu na vitabu. Aliyezoea kusubiri s mwishoni atakosa kila wingi unaopita. Sisi tumezoea kusikiliza kichwa cha neno, tuendelee hivyo hivyo. Machache hubadilika kwa kusikika, kama *cheval* na *chevaux*, au *œil* na *yeux*, na hayo hukaririwa.

Jinsia nayo haitakuwa jambo geni tukiiita kwa jina tunalolijua: ni ngeli, na ziko mbili tu. Hakuna anayeuliza kwa nini kiti kiko kwenye KI-VI na meza haiko huko. Hivyo hivyo usitafute uke ndani ya *table*. Upatanisho wa kisarufi husambaa kwenye kirai kizima: *le grand livre vert, la grande table verte*. Kasoro moja ya kuangalia ni kwamba Kiswahili hujali uhai kuliko umbo, ndiyo maana tunasema kiongozi amefika, si kimefika. Kifaransa hakina huruma hiyo. *Victime* (mwathirika) na *personne* (mtu) ni za kike daima, hata anayezungumziwa akiwa mwanamume, na kivumishi kitafuata.

Viishio husaidia kubashiri. Karibu maneno yote ya -tion na mengi ya -té ni ya kike; ya -ment, -eau na -age kwa kawaida ni ya kiume, ukitoa machache kama *eau, peau, page, plage, image*. Zaidi ya hapo, jifunze kila nomino ikiwa na *un* au *une* yake. Usitumie *le* na *la* kwa kukariri, kwa sababu mbele ya irabu zote mbili hugeuka *l'* na ngeli inajificha: *l'arbre* haikuambii kitu, *un arbre* inakuambia.

Kwenye vivumishi, vitabu hufundisha kwamba umbo la kike hupatikana kwa kuongeza e. Kwa jicho ni kweli. Kwa sikio ni afadhali kugeuza: jifunze la kike kwanza, kisha uikate konsonanti ya mwisho. *Petite* hutoa *petit*, *verte* hutoa *vert*, *grosse* hutoa *gros*, *française* hutoa *français*. Ukianza na la kiume utalazimika kukumbuka konsonanti ipi inaamka. Ukianza na la kike tayari unayo. Vivumishi vingi hukaa nyuma ya nomino kama kwetu. Kikundi kidogo hutangulia: *grand, petit, bon, mauvais, beau, joli, jeune, vieux, nouveau*.

Kinachobaki kuwa kigeni kweli ni *le, un* na *du* zenyewe, kwa kuwa Kiswahili hutaja kitabu bila kutanguliza chochote. *Un livre* ni kitabu fulani, *le livre* ni kile tunachokijua wote, na *du pain* au *de l'eau* ni kiasi cha kitu kisichohesabika. Katika ukanushaji *un, une, des, du* na *de la* hugeuka *de*: *je n'ai pas de pain*. Inachukua muda kuzoea, na msikilizaji atakuelewa hata ukikosea.

## Kitenzi

Andika sentensi hizi mbili moja chini ya nyingine: *je t'aime*, na-ku-penda. Mtendaji, mtendwa, kitenzi. Mwingereza humweka mtendwa mwisho na hupata shida kumhamisha. Sisi mpangilio huo tunautumia kila siku. *Il me voit* ni ananiona, *je les connais* ni ninawajua. Ukiviona *je, tu, il, me, te, le* kama viambishi vilivyoandikwa mbalimbali, badala ya maneno yanayojitegemea, nusu ya sarufi ya mwanzo inajipanga yenyewe. Vinavyofanana navyo zaidi ni pale vinapokataa kusimama peke yake: huwezi kujibu *je* ukiulizwa nani, lazima useme *moi*, kama vile huwezi kujibu ni- badala ya mimi. Tofauti ya kukumbuka ni kwamba Kiswahili huruhusu kiambishi na nomino pamoja, nimekiona kitabu. Kifaransa sanifu huchagua kimoja: *j'ai vu le livre* au *je l'ai vu*.

Ukanushaji hukizunguka kitenzi pande mbili: *il ne parle pas*. Angalia hasemi, ha- mbele na -i nyuma. Katika mazungumzo *ne* hudondoka mara kwa mara na *pas* hubaki ikibeba kazi yote, kwa hiyo sikiliza *pas*. Swali nalo lina mlango rahisi: tanguliza *est-ce que* na uache sentensi ilivyo, kama tunavyotanguliza je.

Tena kuna *avoir*, kuwa na. *J'ai faim*, nina njaa. *J'ai soif*, nina kiu. *J'ai peur*, nina hofu. *J'ai sommeil*, nina usingizi. Wanaofikiri kwa Kiingereza huandika *je suis faim*, yaani «mimi ni njaa». Tafsiri kutoka Kiswahili na hutakosea.

Takriban vitenzi tisa katika kila kumi ni vya -er na hufuata *parler*. Vinavyotumika zaidi ndivyo vinavyokaidi, *être* (kuwa), *avoir* (kuwa na), *aller* (kwenda), *faire* (kufanya), na hivyo lazima vikaririwe vyote, kwa sauti. Vikishatulia vitakupa nyakati nyingine karibu bure. *Je vais parler* ni nitasema, kwa *aller* pamoja na kitenzi kisichobadilika. *J'ai parlé* ni nimesema au nilisema. Vitenzi vichache, vingi vyake vya kwenda na kuja, huchukua *être* badala ya *avoir*: *aller, venir, arriver, partir, entrer, sortir, monter, descendre, tomber, rester*, na pamoja navyo *naître* (kuzaliwa) na *mourir* (kufa). Hapo kitenzi hupatana na mtendaji: *elle est arrivée*. E hiyo ya ziada haisikiki, kwa hiyo mzungumzaji haimsumbui. *Elle est morte* husikika, na hiyo ndiyo ya kuzoeza mdomo.

Kwa mtu usiyemjua au mkubwa kwako tumia *vous* hata akiwa mmoja, mpaka mwenyewe akuambie *tu*. *Passé simple*, umbo jingine la wakati uliopita, lile la *nous parlâmes* na wenzake, iache kwa sasa. Ni ya riwaya na vitabu vya historia.

Nambari zinahitaji onyo, kwa sababu bei na simu hutajwa haraka. Hadi 69 mambo ni ya kawaida. Kisha 70 ni *soixante-dix*, sitini na kumi. 80 ni *quatre-vingts*, ishirini mara nne. 91 ni *quatre-vingt-onze*, ishirini mara nne na kumi na moja. Anayesikia *quatre-vingt* asiandike kitu mpaka neno linalofuata lifike. Ubelgiji, Uswisi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo husema *septante* kwa 70 na *nonante* kwa 90, na baadhi ya majimbo ya Uswisi yana *huitante* kwa 80. Ukijifunza kwa msemaji wa Lubumbashi, chukua *septante* yake bila wasiwasi. Paris wataielewa.